Kutulia si Kunyamaza: Neno "Utulivu" na Afya Yako na ya Mtoto Wako

Mama, hebu hesabu kidogo. Tangu asubuhi umelisikia neno "tulia" mara ngapi? Ulimwambia mtoto aliyekuwa akilia wakati unamwogesha. Mama mkwe alikuambia wewe, uliporudi na maji ukakuta moto umezimika na uji haujaiva. Muuguzi aliwaambia wote mliokaa kwenye benchi la kliniki. Neno ni hilo hilo, lakini kila mmoja alitaka kitu tofauti. Mmoja alitaka mtoto aache kulia. Mwingine alitaka usijibu. Wa tatu alitaka asikie jina anapoita.

Ukurasa huu ni kwa ajili ya akina mama na walezi wa Kemambo na vijiji vingine vya Tarime na Serengeti. Tunaposema mlezi tuna maana ya yeyote anayemlea mtoto kila siku: mama mzazi, bibi, shangazi, dada mkubwa, au mama aliyeanzisha nyumba ntobhu na sasa analea watoto wa nyumba hiyo. Tumeamua kuandika juu ya neno moja tu, kwa sababu tumeona kwamba likieleweka vibaya linaweza kumchelewesha mtoto mgonjwa kufika zahanati, na linaweza kumwacha mama akiumwa miezi mingi bila mtu kujua.

Neno hili limetoka wapi?

"Tulia" ni mtoto wa neno "tua". Ndege anatua juu ya mti. Jua linatua. Mtu aliyebeba mzigo kichwani anautua. Kutoka hapo tumepata tulia, tuliza, tulizana, mtulivu na utulivu. Hata "kutuama", kama maji yaliyosimama dimbwini baada ya mvua, ni ndugu yake. (Hayo yaliyotuama yafukieni, ndiyo mazalia ya mbu.)

Kwa hiyo, ndani ya neno utulivu kuna mzigo uliokwisha kuwekwa chini. Mtu aliyetulia ametua. Bado ana kazi na shida zake, lakini kwa muda huo hazimwelemei, anaweza kupumua na kufikiri.

Sasa angalia jambo moja. Ndoo ya lita ishirini ikijaa, wengi wetu tunahitaji mtu wa kututwika. Na ukifika nyumbani umechoka, unaita mtu aje akutue. Serikali yetu ilipotaka kueleza mpango wa kupeleka maji vijijini ilitumia maneno ambayo kila mtu ameyasikia: kumtua mama ndoo kichwani. Haikusema mama ajitue mwenyewe, wala haikusema mama aizoee ndoo. Ilisema atuliwe. Hapo ndipo maelezo yetu yote yanaposimama. Utulivu mara nyingi huletwa na mkono wa mtu mwingine.

Mtoto mchanga hawezi kujituliza

Mtoto hazaliwi akijua kutulia. Sehemu za ubongo zinazomsaidia mtu kudhibiti hofu na hasira hukua polepole kwa miaka mingi. Mtoto wa miezi miwili anapolia hana jeuri, hakujaribu, wala "hajazoeshwa vibaya". Amejaa, na hana njia ya kutua isipokuwa wewe.

Wewe unamtuliza kwa vitu ambavyo bibi zetu walivijua kabla hapajawa na kliniki. Ngozi yako, mbeleko, ziwa, sauti ya chini inayorudia neno moja, kumtembeza huku na huku. Mtoto akilala kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mapigo ya moyo wake na pumzi yake hukaa sawa na joto lake halishuki. Ndiyo maana watoto wanaozaliwa na uzito mdogo huwekwa kifuani kwa mama kwa njia inayoitwa kangaruu. Hiyo ni tiba kamili, na hata baba anaweza kuifanya.

Ujue pia kwamba kulia kuna msimu wake. Kwa watoto wengi huanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Ukiwa katikati ya msimu huo unaweza kudhani maziwa yako hayatoshi au kuna mtu amemtazama mtoto kwa jicho baya. Kama anaongezeka uzito kliniki, ananyonya vizuri, anakojoa mara nyingi na hana homa, huenda ni msimu tu.

Kuna saa ambayo umefanya yote na bado analia, nawe unahisi mikono inatetemeka kwa hasira. Saa hiyo humjia karibu kila mlezi, hata yule unayemwona mpole kuliko wote. Mlaze mtoto chali mahali salama ambapo hawezi kuanguka, toka nje ya mlango, pumua kwa dakika chache, kisha rudi. Kulia dakika tano peke yake hakutamdhuru. Kumtikisa kutamdhuru. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Akitikiswa kwa nguvu ubongo hugonga fuvu, mishipa hupasuka, na anaweza kufa au kupofuka. Mwambie hivyo pia dada unayemwachia mtoto, kwa sababu msichana wa miaka kumi na miwili huenda hajawahi kuambiwa.

Usimpe dawa ya mafua au ya mzio ili alale. Usimpe pombe hata kijiko. Hizo hazimtulizi, zinamlevya, na mtoto aliyeleweshwa anaweza kuacha kupumua usiku bila wewe kujua.

Mtoto mkubwa, na ile sauti ya "Tulia!"

Tuseme uko nyumbani karibu na Nyamongo, na mgodi unalipua miamba. Ukuta unatikisika. Mtoto wako wa miaka mitatu anapiga yowe na kukushika gauni. Una njia mbili. Unaweza kumpigia kelele: "Tulia! Ni mgodi tu!" Au unaweza kuinama mpaka uso wako uwe sawa na wake, ukamshika, ukasema polepole: "Umeshtuka. Ni mlipuko wa mgodi. Umekwisha. Mimi nipo." Njia zote mbili zinaweza kumnyamazisha. Ya kwanza inamnyamazisha kwa sababu sasa ana hofu mbili, ya mlipuko na yako. Ya pili inamtua, na ukiirudia mara nyingi, atakapokuwa na miaka sita utamsikia akimwambia mdogo wake maneno hayo hayo.

Hapo utaona tofauti ya tulia na tuliza. "Tulia" ni amri, inamwachia mtoto kazi yote. "Tuliza" ni kazi ya mtu mzima. Mtoto hutulizwa kwanza, mara mia na zaidi, ndipo hujifunza kutulia.

Hatusemi asikanywe. Mtoto anayempiga mwenzake azuiwe, na mkono wake ushikwe. Lakini mtoto anayelia kwa hasira hasikii maneno mengi. Mshushe kwanza, mahubiri yaje baadaye. Na huwezi kumshusha ukiwa wewe mwenyewe uko juu. Legeza mabega, legeza taya, pumua, kisha ndipo umguse.

Mtoto "mtulivu" sana: usifurahi haraka

Sehemu hii tunaomba uisome mara mbili, na umsomee bibi wa mtoto.

Mara nyingi mama husifiwa: "Mtoto wako mtulivu, hata hasumbui." Watoto wengine ni wapole kweli. Wanatazama, wanacheka, wananyonya kwa nguvu, wanalia wakiwa na njaa. Huo ni utulivu. Lakini kuna mtoto aliyekuwa anasumbua jana na leo yuko kimya. Amelegea. Ukimwita hageuki. Ukimpa ziwa halishiki. Huyo hajatulia, huyo anaishiwa nguvu.

Katika maeneo yetu malaria ipo, na malaria kali inaweza kumlegeza mtoto mdogo ndani ya siku moja. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Anayepumua kwa shida huku mbavu zikiingia ndani, naye asisubiri kupambazuka. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili kuna zaidi: homa yoyote, mwili kuwa wa baridi, kupumua haraka haraka, au kusogea pale tu unapomgusa. Huyu mdogo hawezi kuvumilia hata nusu siku ya kujaribu dawa za nyumbani.

Utapiamlo nao huleta ukimya. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha kwa wiki nyingi huacha kucheza. Hukaa pembeni, hana hamu, hataki kushikwa, analia kwa sauti ndogo. Wengine miguu huvimba, na jirani husema amenenepa. Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampime mkono kwa ule utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, maana yake ni utapiamlo mkali, na kuna matibabu yake. Ukibonyeza mguu uliovimba na kidole, shimo likabaki, nenda bila kusubiri kipimo.

Mama aliyenyamaza

Sasa tuje kwako.

Hapa kwetu ujasiri hufundishwa mapema. Katika mila ya Wakurya, mtoto anapofikia kutahiriwa anaambiwa asilie na asitikisike, maana akilia ataiaibisha familia. Wasichana wanaopelekwa kukeketwa msimu wa Desemba huambiwa hivyo hivyo: tulia, usilie. (Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya mwaka 1998. Zipo nyumba salama Masanga na Mugumu zinazowapokea wasichana wanaokimbia. Namba 116 ni simu ya bure ya kuripoti ukatili kwa mtoto.) Msichana aliyefundishwa kwamba maumivu hayasemwi anakuwa mama anayejua kuyaficha vizuri sana. Watu wanamwita mtulivu. Hajatua kitu. Mzigo bado uko kichwani, ila amejifunza kutembea nao bila kuyumba.

Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo, hukosa usingizi, huwa na wasiwasi. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipopita, au ikija baadaye na kukaa, inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu akina mama 16 kati ya 100 wajawazito na karibu 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa hiyo mkikaa wanawake kumi wenye watoto wachanga kwenye benchi la kliniki, huenda wawili wenu wanaumwa hivyo. Wanaonekana wametulia tu.

Ugonjwa huu hauji na jina lake. Unakuja kama kichwa kuuma kila siku, moyo kwenda mbio, mwili mzito, usingizi kukatika saa tisa usiku hata mtoto akiwa amelala. Chakula hakina ladha. Unamtazama mtoto na huhisi kitu, kisha unajilaumu kwa kutohisi. Sisi Waswahili tunasema "nina mawazo" au "nawaza sana". Usidharau maneno hayo. Nchini Zimbabwe, Washona wana neno lao kwa hali hiyo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wagonjwa wa namna hiyo wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hawakutumia majina ya kitabibu, walitumia neno la watu. Bibi anasikiliza, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kushughulikia kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi na benchi. Vyote hivyo hata Kemambo vipo.

Kwa hiyo kama wewe ni mume, mama mkwe au jirani, na unamwona mama mwenye mtoto mchanga amebadilika, usimwambie "tulia" wala "jikaze". Amejikaza mno, ndiyo shida. Muulize: "Nikutue nini?" Kisha chukua kitu kimoja kweli. Mbebe mtoto saa mbili alale. Chota maji. Saga unga. Kaa naye asimulie bila kumkatisha, na usikimbilie kumpa mfano wa mwanamke mwingine aliyezaa tisa na hakulalamika.

Kuna mzigo mmoja ambao tunataka kuusema wazi. Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa na watu wazima awe mtulivu, alinde ndoa. Hapo neno hili limegeuzwa kuwa kamba. Kunyamaza hakupunguzi kipigo, na mtoto anayeona mama yake akipigwa anaumia hata asipoguswa. Kituo cha afya kitakutibu, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mweleze kwanza mtu mmoja unayemwamini, anayeweza kukusindikiza.

Na kama umewahi kuwaza kujiua au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hilo ni la leo, halisubiri siku ya kliniki. Usibaki peke yako na mtoto. Mwambie mtu, nendeni pamoja kituo cha afya. Hukulaaniwa, na wewe si mama mbaya. Unaumwa, na matibabu yapo.

Dakika mbili za kutua

Kuna zoezi dogo ambalo unaweza kulifanya ukinyonyesha. Haliponyi sonona, tusidanganyane, lakini linausaidia mwili siku ngumu. Weka miguu yote chini. Acha mabega yashuke, kama mtu aliyetuliwa kuni. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu polepole mpaka nne, kisha itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Rudia mara kumi. Mtoto aliye kifuani atausikia mwili wako ukilegea, na mara nyingi naye hulegea.

Utakapompeleka mtoto chanjo, muuguzi atampima uzito, ataandika kwenye kadi, ataita mwingine. Foleni ni ndefu na yeye amechoka, huenda asikuulize habari zako. Usisubiri akuulize. Sema tu hivi: "Dada, mtoto anaendelea vizuri, lakini mimi sijatulia. Silali, na nawaza sana tangu nijifungue." Akisema ni kawaida na wiki mbili zimekwisha kupita, mwambie tena, au omba kumwona mganga wa zamu kabla hujaondoka.